Dawa za watoto njiti zihesabiwe wodini, si stoo pekee

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwaombe waganga wafawidhi na wafamasia wa hospitali zetu za rufaa hapa Dar es Salaam watazame upya namna dawa za wodi za watoto wachanga mahututi zinavyohesabiwa, kwa sababu hesabu iliyozoeleka kwa wagonjwa wazima hupotosha inapofika kwa mtoto wa kilo moja na nusu.

Mfano ni sindano ya jentamaisini, dawa ya kutibu maambukizi ya bakteria. Ampuli ya kawaida, yaani kijichupa cha kioo kinachovunjwa shingo ili kutoa dawa, ina miligramu 80, ilhali mtoto huyo huhitaji miligramu zisizofika kumi kwa siku, na kwa kuwa ampuli iliyokwisha kuvunjwa haifai kuwekwa hadi kesho yake, sehemu kubwa ya dawa humwagwa. Anayejaza leja kwa kufuata dozi alizopewa mtoto huamini kwamba ampuli moja imetosha watoto wengi kwa siku kadhaa, kumbe kila siku imevunjwa nyingine. Mwisho wa mwezi leja husema dawa ipo wakati rafu ni tupu, na oda inayokwenda Bohari ya Dawa huwa ndogo kuliko mahitaji. Katika hospitali moja niliyofanya kazi, nilimshuhudia mzazi akitumwa usiku kutafuta dawa hiyo madukani, ingawa sera ya nchi inataka mtoto wa chini ya miaka mitano atibiwe bila malipo. Jambo hilo liliniumiza, hasa kwa kuwa dawa yenyewe ni ya bei nafuu.

Kwa hiyo kinachopaswa kuandikwa ni ampuli na vichupa vilivyofunguliwa, pamoja na idadi ya watoto waliolazwa na uzito wao. Wastani wa matumizi ya miezi iliyopita peke yake hautoshi, kwani njiti wachache wakizaliwa wiki moja wanaweza kumaliza akiba yote ya kafeini sitreti, dawa wanayopewa kila siku kwa majuma ili wasiache kupumua.

Safaktanti, inayosaidia mapafu machanga kufunguka, ina shida ya namna nyingine. Ni ghali na hutunzwa kwenye jokofu la nyuzi joto 2 hadi 8, hivyo ukiagiza nyingi unaweza kuishia kuitupa kwa kupitwa na muda au kwa umeme kukatika, na ukiagiza chache utaikosa saa inapohitajika. Hospitali zilizo karibu zikubaliane kuazimana, kwa maandishi, kabla ya dharura kutokea.

Hayo yote yanahitaji mtu. Naomba kila wodi ya aina hii ipangiwe mfamasia wake, anayehesabu rafu na kusoma kipimajoto cha jokofu pamoja na muuguzi wa zamu kila asubuhi, Jumamosi na Jumapili zikiwemo.

Mfamasia,
Temeke, Dar es Salaam