Shukrani kwa fundi aliyenizuia kufunga supachaja mapema

Fundi, hukutaka jina lako litajwe, lakini wema wako lazima upate mashahidi.

Injini ya pikapu yangu ilikuwa imetoka kufumuliwa: pistoni mpya, ringi mpya za kuziba nafasi kati ya pistoni na silinda, silinda zimechongwa. Supachaja, kifaa cha kusukuma hewa zaidi ndani ya injini, nilikuwa nayo tayari, nikataka ifungwe siku hiyohiyo. Ukaniambia, "Ringi bado hazijakaa. Ukiongeza presha sasa, gesi itapenya chini na oili itapanda juu." Kisha ukapanda nami garini ili tuzikalishe ringi. Tulikanyaga mafuta, tukaachia pedali, gari likajipunguza lenyewe, tukarudia tena na tena bila kung'ang'ania mwendo mmoja.

Tuliporudi ukamwaga oili ingali moto, ukapasua filta na kuikunjua karatasi yake juani. Chembe zilimetameta kama vumbi la fedha. Ukazipapasa kwa kidole: hakuna kipande kikubwa. Hukudai hata senti.

Baada ya kilomita 800 ulikuja mwenyewe kupima mgandamizo, silinda moja baada ya nyingine. Zilipolingana ndipo ukasema, "Sasa funga."

Mafundi wengine, mkimwona mteja ana haraka kama niliyokuwa nayo, mzuieni hivyohivyo. Supachaja imeshafungwa, moshi sijauona. Asante sana, fundi.