Maji yanamwagika mtaroni, sisi tunanunua madumu

Mhariri,

Ni msomaji wako wa miaka mingi na sijawahi kukuandikia, lakini taarifa mliyoichapa wiki iliyopita, ambamo viongozi waliahidi kwa mara nyingine kwamba kero ya maji Dodoma inakwenda kuwa historia, imenishinda kuinyamazia.

Hapa Nkuhungu bomba kubwa lilipasuka jirani na nyumbani kwangu. Maji safi yalimwagika mtaroni usiku na mchana hadi majani yakaota kingoni, huku kina mama wa mtaa huohuo wakinunua madumu kwa vijana wa mikokoteni. Nilikwenda kutoa taarifa katika ofisi inayohusika, nikajibiwa kwamba mafundi wapo ila gari halina mafuta. Siku ambayo msafara wa kiongozi ulitarajiwa kupita, mafundi walifika alfajiri, na kabla ya saa nne bomba lilikuwa limezibwa. Kumbe uwezo ulikuwepo siku zote! Tena waliondoka wakiwa wamerudishia udongo bila kuushindilia, mvua ikaubeba, na sasa bajaji zinawashusha wagonjwa ng'ambo ya shimo. Maji yenyewe yakitoka huanza upepo, mita inazunguka kwa kasi bomba likikoroma tu, na mwisho wa mwezi ankara inakuja kamili.

Tunajua kwamba Dodoma ni kame, kwamba mvua zetu ni za msimu mmoja, na kwamba jiji limetegemea visima vya Mzakwe kwa muda mrefu. Lakini uamuzi wa kuhamishia makao makuu hapa ni wa mwaka 1973, na sensa zimeonyesha wakazi wa jiji wakiongezeka kutoka 410,956 mwaka 2012 hadi 765,179 mwaka 2022. Hakuna kiongozi anayeweza kusema ujio huo ulimshtukiza. Bwawa la Farkwa, la kutuletea maji hapa jijini, tumeahidiwa tangu watoto wetu wakiwa shule ya msingi, na leo wanatuletea wajukuu.

Naomba ratiba ya mgao ibandikwe katika kila ofisi ya serikali ya mtaa pamoja na namba ya simu ya fundi wa zamu. Naomba pia nyumba za mawaziri na wabunge ziingizwe katika ratiba hiyohiyo, na siku isiyo zamu yao wasipelekewe boza.

Mkazi wa Nkuhungu,
Dodoma