Kitulo nimekwenda bila wewe

Uyole, Mbeya
Jumapili jioni

Tumpe mwenzangu,

Ugonile. Tangu Krismasi sijakuandikia, na ukininunia una haki. Huku wazima. Mguu wa mama umepona, mvua hainyamazi, nguo nilizofua Alhamisi bado zinanuka unyevu. Habari za shamba utazipata kwa Atu, najua hamkosi kupigiana simu.

Haya. Nimekwenda Kitulo, kwenye ile hifadhi ya maua. Miaka sita tunaambiana "mwakani", na mwezi uliopita wanakwaya wa ushirika wa jirani walikuwa na siti moja wazi kwenye Noah, nikapanda. Nilitaka nikufiche, roho imekataa.

Tulipandia Chimala, njia ya Hamsini na Saba, ile ya kona hamsini na saba. Usiku mvua ilikuwa imepiga, na kila kona ukichungulia dirishani unaiona barabara uliyotoka imelala kule chini kama uzi. Hakuna aliyesema neno. Mama mmoja, wala simjui, alinishika mkono, na kadiri alivyoubana ndivyo hofu ilivyonipanda na mimi. Ningekuwa peke yangu na dereva, naamini ningeogopa nusu yake.

Juu kule, Tumpe! Karibu mita 2,600, baridi ya kukata masikio, na maua mpaka jicho linapoishia: mekundu, ya njano, ya zambarau, okidi ndogondogo zimejificha kwenye nyasi. Sasa naelewa kwa nini wanapaita Bustani ya Mungu. Lakini, na hili ndilo lililonishikisha kalamu, nilisimama pale nikauona uzuri ukaishia machoni. Moyoni haukufika. Wenzangu walikuwa wametawanyika, huyu anapigwa picha, yule anatafuta mtandao. Tulikuwa saba mahali pamoja, na hakuna wawili waliokuwa wakitazama kitu kimoja.

Baadaye askari wa hifadhi akaja akachuchumaa karibu yangu, mbele ya okidi moja nyeupe. Hakuongea. Tukaitazama, sijui dakika ngapi. Ndipo nikaliona lile ua hasa, na madoa yake ya ndani, kifua kikanijaa. Halafu ndiyo akaniambia kwamba viazi vya chini ya maua haya vilikuwa vikichimbwa na kupelekwa Zambia kutengenezwa chikanda, chakula cha huko, na kwamba hiyo ni sababu mojawapo ya kuwekwa hifadhi, mwaka 2005. Nikahuzunika, naye kahuzunika, na huzuni ile ikanikaa kuliko kama ningeisoma mwenyewe kwenye kibao cha getini.

Nilipomsimulia Ambi, unamjua kwa vitabu, akasema jambo hili lilishapimwa Chuo Kikuu cha Yale kule Marekani, matokeo yakachapishwa 2014. Watu waliketishwa wawili wawili, bila kuzungumza, wakaonja chokoleti. Mwenzako akionja ileile wakati uleule, unaiona tamu zaidi kuliko akiwa pembeni yako anatazama picha. Kisha wakaletewa iliyo chungu, na hapo kuonja pamoja kukaifanya ichukize zaidi. Nikamwambia, basi hiyo ndiyo Hamsini na Saba yangu! Na ndiyo yale maharage yaliyoungua bwenini, unayakumbuka? Hayakuwa mabaya kiasi kile mpaka tulipokaa kimya meza nzima tukayatafuna pamoja.

Ndiyo maana sijakutumia picha hata moja. Ninazo, zitakaa. Sitaki ulione lile ua huko Mtwara kwenye joto, peke yako, unijibu "zuri" basi. Nataka uje uchuchumae.

Maua yanachanua kuanzia Desemba hivi mpaka Aprili. Mwaka huu hatuwahi tena. Likizo yako unaomba lini? Ukiandika barua sasa hivi, bosi wako atakunyima Januari? Watoto tumwachie dada yako wa Vwawa, au bado hamjapatana? Utaiweza Hamsini na Saba, au nitafute gari la kupitia Isyonje, nisije nikakubana mkono na kukuongezea hofu? Na tangu ufike huko, yupo mtu mnayekaa naye jioni mkatazama bahari bila kusemeshana? Hili la mwisho nijibu hata kama mengine utayaacha.

Ni mimi wako,
Neema