Kipaku cha wanja kimekwenda wapi?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme na vijana wapiga picha wa huku kwetu Lindi. Mimi ni mstaafu wa kazi hiyo hiyo. Nilianza enzi za mkanda wa picha 36, ukikosea hufuti, unalipia.

Mwezi uliopita mjukuu wangu alitimiza arobaini, mama yake akataka picha, tukampeleka studio moja hapa mjini. Bibi yake alikuwa amemwogesha, akampaka mafuta, akamtia kipaku cha wanja kwenye paji la uso kama sisi tulivyotiwa. Picha zilipoletwa, wanja haupo. Programu ya simu imeuona ni doa, imeufuta. Mtoto naye amekuwa mweupe kama ukuta uliopakwa chokaa, hata vile vikunjo vya shingoni hana. Bibi akaigeuza picha, akauliza, "Huyu wa nani?" Binti yangu alicheka. Mke wangu hakucheka, na ukutani haikupanda.

Nilimfuata yule kijana. Simtaji, ana adabu na anajitafutia riziki. Akanijibu, "Mzee, wateja ndio wanaotaka hivyo, na mtoto alitoka mweusi mno." Nikamwambia, hakutoka mweusi, umemtoa wewe. Alimlaza juu ya shali nyeupe pepepe, na nyuma akatundika shuka jeupe. Kamera haijui mtoto ni nani. Ikiona weupe umetanda kote hudhani mwanga umezidi, inaupunguza, na uso wa mtoto unazama gizani. Ndipo mnapoleta programu ya kung'arisha. Angetandika kanga ya rangi iliyoiva, au angegusa uso wa mtoto kwenye kioo cha simu akapandisha mwanga kidogo, yasingefika huko. (Kwanza, wazee wakitaka kujua rangi ya mtoto hutazama masikio. Ya mjukuu wangu ni meusi kama ya babu yake, mtafuta hadi lini?)

Mwanga mzuri tunao bure. Saa moja na nusu asubuhi, jua limeshainuka upande wa Kitunda, mlaze mtoto mkekani ndani ya nyumba, hatua mbili kutoka mlangoni, jua lenyewe lisimguse. Mwanga utaingia kwa ubavuni na mashavu yataonekana mashavu. Flashi izime, inamshtua na inaufanya uso uwe bapa kama chapati. Nawe shuka chini, ulale kifudifudi ikibidi. Ukimpiga umesimama unapata kichwa kikubwa na vijiguu. Simu usimsogezee puani, rudi nyuma kidogo kisha vuta. Ukitaka afumbue macho, ashibe kwanza, halafu mama ainamie karibu: mtoto mchanga huona vizuri sentimita 20 hadi 30 tu, umbali wa kutoka titini hadi usoni kwa mama.

Jambo moja sina mzaha nalo. Naona mnaiga zile picha za mtoto aliyeegemeza kidevu juu ya viganja vyake kama mzee wa baraza. Zile huwa ni picha mbili zilizounganishwa. Katika kila moja kuna mkono wa mtu mzima umeshika kichwa au mikono ya mtoto, kisha mkono huo unafutwa. Shingo ya mtoto wa siku arobaini haibebi kichwa chake. Yule kijana alijaribu kumweka hivyo mjukuu wangu, mama yake akamnyakua.

Jumamosi niliirudia picha mwenyewe, mlangoni kwangu, kwa simu ya binti yangu iliyopasuka kioo. Wanja upo. Ulikuwa umechuruzika kidogo kufikia nyusi kwa jasho, nikauacha hivyo hivyo.

Mpiga picha mstaafu,
Mtanda, Lindi