Betri ya Taa za Dagaa: Uliza ni Lithiamu Ipi

Kila kipindi cha giza, yaani usiku usio na mbalamwezi, kinapokaribia, wavuvi kutoka Kayenze, Igombe na Ukerewe hufika dukani kwetu Kirumba, Mwanza, kutafuta betri za taa za kuvulia dagaa, na wengi huuliza kwa nini betri ya lithiamu iwe ghali kuliko betri ya asidi yenye ampea zilezile. Wana haki ya kuuliza, kwa kuwa fedha yao ni ya jasho, na jibu limo katika kemia ya betri yenyewe.

Betri ya asidi ilibuniwa na Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859. Ndani yake kuna bamba za risasi zilizozama katika asidi ya salfa, na kila inapotoa umeme, bamba hizo hufunikwa na salfeti ya risasi ambayo huondoka betri inapochajiwa. Ikikamuliwa hadi taa zififie, au ikikaa siku nyingi bila chaji, salfeti hiyo huwa chembe ngumu zisizoondoka tena, na ndiyo sababu tunashauri itumike nusu tu. Chukua betri ya volti 12 na ampea-saa 20: ina wati-saa 240, lakini za kutumia kwa usalama ni 120, yaani taa mbili za wati 10 kwa saa sita. Betri ya lithiamu ya volti 12.8 na ampea-saa hizohizo ina wati-saa 256, na karibu zote zinatumika, hivyo taa zilezile huweza kuwaka usiku kucha. Uzito wake nao haufiki nusu ya ule wa betri ya asidi, jambo lenye maana kubwa kwa mtumbwi.

Hata hivyo, neno lithiamu kwenye kibandiko halitoshi. M. Stanley Whittingham, John Goodenough na Akira Yoshino walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2019 kwa kazi iliyozaa betri hizi. Goodenough, aliyekuwa na umri wa miaka 97 alipopewa tuzo hiyo, ndiye aliyeonyesha mwaka 1980 kwamba oksidi ya kobalti inaweza kubeba lithiamu na kutoa volti nyingi. Betri za aina hiyo zilifaa sana simu, lakini zikipata joto kupita kiasi oksidi hiyo huachia oksijeni, na moto unaopata oksijeni kutoka ndani ya betri ni mgumu mno kuuzima. Mwaka 1997 Goodenough na wenzake katika Chuo Kikuu cha Texas walichapisha utafiti kuhusu fosfati ya chuma, ambamo oksijeni imefungamana na fosforasi kwa nguvu kiasi kwamba haitoki kirahisi hata kwenye joto kali. Betri ya fosfati hiyo haibebi umeme mwingi kwa kilo kama ile ya kobalti, na bado inaweza kuharibika nyaya zake zikigusana, lakini kwa mtu aliye katikati ya ziwa usiku sisi tunaichagua hiyo bila kusita.

Kuzitofautisha ni rahisi ukisoma volti. Seli moja ya fosfati ya chuma ina volti 3.2, na nne zikiunganishwa hutoa 12.8. Seli ya kobalti na jamii yake ina volti 3.6 au 3.7, hivyo tatu hutoa takriban 11. Ukiona 11.1 kwenye kibandiko, usiichaji kwa chaja ya betri ya asidi, kwa sababu chaja hiyo hupandisha hadi volti 14.4 ilhali betri yako hujaa ikifika 12.6, na hapo kinachozuia ajali ni kidhibiti kidogo kilichomo ndani, ambacho kikifa hakuna kinga nyingine. Betri ya 12.8 hujaa kwenye 14.6, kwa hiyo kontrola nyingi za sola, yaani vifaa vinavyodhibiti chaji kutoka kwenye paneli, zinaifaa, ilimradi uzime ile hatua ya kusafisha bamba inayovuka volti 15, kwa kuwa betri ya lithiamu haina bamba za risasi za kusafishwa.

Unapokuja, tuletee wati za taa zako, saa unazokaa ziwani, na kontrola unayotumia ili tuipime kwa mita kabla hujalipa. Betri yako ya zamani ya asidi ije pia, bila kumwaga maji yake ufukweni: risasi ni sumu kwa watoto na kwa samaki, na wanaoiyeyusha upya huinunua kwa kilo.