Viazi vyako vipo, ndugu yangu

Uyole, Mbeya
Jumapili jioni

Ndugu yangu Anyosisye,

Ugonile? Huku mvua imetushika tangu asubuhi, mlima Loleza hauonekani kwa ukungu, nami nimejifunika kitenge nikaona leo lazima nikuandikie. Tangu uhamie Iringa tunaandikiana vijumbe tu, na lile jambo la almasi haliishi kwa vijumbe.

Najua uliumia. Ulirudi kwenye seva yetu ya Minecraft, ule mchezo wetu wa kompyuta wa kuchimba na kujenga, baada ya miezi minne, una almasi 40, unataka mawe ya kumalizia mnara wako, na kila uliyemfuata akakwambia lete viazi. Ukatoka bila kuaga. Kosa ni letu, hakuna aliyekaa na wewe akakueleza.

Unakumbuka tulivyoanza, almasi ndiyo ilikuwa hela. Lakini nani alikubali kuzitoa? Sururu moja inakula almasi 3, deraya kamili 24, kwa hiyo kila mtu alizifungia sandukuni. Mimi nilihitaji mbao, jirani yangu mbao zilikuwa zinamzidi, na wiki nzima hatukuuziana kitu. Kisha mmoja wetu akapata sururu yenye Fortune III, ule uchawi wa kuongeza mavuno ya machimbo, jiwe moja likawa linamtolea hadi almasi 4, na zile tulizozitafuta kwa jasho zikaporomoka bei.

Mimi nilikuwa na viazi. Mtoto wa Isyonje akipewa ardhi, hata ya kwenye kompyuta, atapanda nini kingine? Shina moja hutoa hadi viazi vitano, na masanduku yakajaa. Siku moja nikamwambia jirani yule achukue mabunda mawili anipe mbao. Alisita kidogo, akachukua, maana alijua pa kuvipeleka: mwanakijiji mkulima, mmoja wa wale wanaoendeshwa na mchezo wenyewe, hununua viazi 26 kwa zumaridi moja, na zumaridi zikitosha unakwenda kwa mwanakijiji mkutubi kuchukua kile kitabu kinachofanya sururu ijikarabati yenyewe. Kesho yake yeye akalipia mchanga kwa viazi vilevile. Kwa wiki mbili vikazunguka seva nzima. Kiazi mtu hakionei uchungu kukitoa, anavyo vingine, na anayekipokea ana hakika hakitamlalia.

Nilimkumbuka bibi alivyokuwa akilipa vibarua wa palizi kwa debe la viazi, na ugomvi uliokuwa hauishi: debe la kichwa au la kusawazisha? Kwetu kwenye mchezo bunda ni 64, lumbesa haipo. Hata kile kiazi chenye sumu, cha rangi ya kijani, hakikubali kukaa fungu moja na vizima. Ukifungua sanduku unakiona kimejitenga peke yake. Hakuna wa kukudhulumu.

Kaka yangu alicheza sana Diablo II, mchezo mwingine wa kompyuta uliotoka mwaka 2000. Anasema dhahabu ilizagaa na haikuwa na cha maana cha kununua, wachezaji wakaanza kulipana kwa pete iitwayo Stone of Jordan. Baadaye watu wakapata ujanja wa kuzirudufu, pete zikafurika, imani ikaisha. Maneno yake yananikosesha raha, kwa sababu hapa kwetu mmoja ametengeneza shamba la viazi linalojivuna lenyewe usiku kucha. Wiki iliyopita bunda la mawe lilikuwa kwa bunda moja la viazi, juzi nimelipa mawili. Na yule mkulima akishanunua mara 16 anafunga mpaka arudi kwenye pipa lake la mboji, basi ziada haina pa kutokea. Nimependekeza tuongeze wakulima kijijini, na kila mnara mpya uchangie viazi vya safari za pamoja. Wenzetu wanasita. Wewe hesabu unaziweza kuliko sisi sote, naomba mawazo yako.

Tena usidhani sikumbuki. Kabla hujahama uliniezekea paa lote kwa mawe yako, hukutaka malipo, ukasema tutahesabu baadaye. Nimehesabu. Mabunda 12 ya viazi yako kwenye sanduku la pili kushoto ukiingia ghalani, na nimeandika jina lako kwenye kibao. Mawe ya mnara nimeshamwambia anayeyauza akuwekee. Ingia Jumamosi saa mbili usiku, nitakuwa mlangoni.

Msalimie mama sana.

Wako,
Tusekile