Sikoseli ya mdogo wako haikutoka kwa mama yako peke yake

Mama, habari za chuo. Ulivyoniuliza kwenye simu kama ni kweli maneno ya shangazi zako, eti sikoseli ya mdogo wako imetoka ukoo wa kina mama yako, nikaona bora nikae niandike. Si kweli. Nusu imetoka kwangu, na bila hiyo nusu yangu mdogo wako asingeumwa kabisa.

Iko hivi, kila mtu ana jeni mbili, yaani maelekezo ya kurithi, za kutengeneza himoglobini, ile protini ya damu inayobeba oksijeni, moja ya baba moja ya mama. Mimi nina moja nzima (A) na moja ya sikoseli (S), mama yako hivyo hivyo, ndo ile wanaandika AS, na sote wawili hatuumwi. Mtoto akichukua S kwangu na S kwa mama yako anakuwa SS, huyo ndo mgonjwa. Chansi ni asilimia 25 na kila mimba inahesabiwa upya, watu wanadhani ukishazaa mgonjwa mmoja basi watatu wanaofuata wamesalimika, hapana, kuna nyumba zina SS watatu mfululizo na kuna nyingine wazazi wote AS hawajapata hata mmoja. Wewe ulichukua S moja tu.

Na kilichobadilika kwenye jeni ya S ni herufi moja tu ya DNA, yale maandishi ya jeni, A imekuwa T (hii A si ile ya AS), basi chembe nyekundu ikipungukiwa oksijeni inajikunja kama mundu, zinanasa zinaziba vimishipa, ndo yale maumivu unayoyajua, mtoto kashika magoti, macho ya njano, hataki hata shuka limguse.

Sasa kitu kibaya hivyo kimebakije miaka yote? Malaria, mama. Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alipima damu za watu Kenya, Uganda na Tanganyika akakuta pwani na kandokando ya Ziwa Victoria wenye S ni wengi, ukipanda nyanda za juu ambako malaria ni kidogo nao wanapungua, na mwaka 1954 akachapisha kwamba mwenye AS malaria haimwelemei kama wengine. Mtoto wa AS alipona, akakua, akazaa, akawaachia wanae S. Kwa hiyo hao bibi wa mama yako wanaosemwa, na bibi zangu mimi wa huku huku ziwani, huenda walivuka utoto kwa sababu yake. Mtu asikwambie ni laana.

Mdogo wako anaendelea na dawa ya haidroksiyurea, inaamsha himoglobini ya kichanga, ile ya mtoto wa tumboni, ambayo haifanyi chembe zijikunje, na kweli vipindi vya maumivu vimepungua. Mwishoni mwa 2023 Uingereza na Marekani waliruhusu tiba inaitwa Casgevy, wanachukua seli za mgonjwa zinazozalisha damu, wanazihariri jeni maabara kwa CRISPR, kama mkasi wa kukata DNA, wanamrudishia, mwili unaanza kutoa ile himoglobini ya kichanga wenyewe. Marekani bei yake dola milioni 2.2 kwa mtu mmoja!! Inaniuma sana, maana watoto wengi wa sikoseli duniani wanazaliwa huku kwetu Afrika.

Sasa huyo mchumba wako. Kabla ya mahari kwenda akapime, na asipime kile cha haraka kinachosema tu ana S au hana maana hakitofautishi AS na SS, aombe elektroforesisi ya himoglobini, kipimo kinachotenganisha aina za himoglobini. Akiwa AA, yaani jeni zote mbili nzima, hakuna mtoto wenu atakayekuwa SS. Akiwa AS mje wote wawili nyumbani tuongee, mimi na mama yako, shangazi zako tutawaambia baadae.

Baba yako